Maboksi ya zawadi na vizawadi vya sherehe kwa karatasi: vipimo, mifuo, gundi, na mfuniko usiokwama

#1 Mfuo_Jinja

Wakuu, msimu wa Krismasi unakaribia na maswali ni yale yale: mfuniko unakwama, kona zinaachia, karatasi inapasuka mkunjoni. Naanza na boksi la A4, wengine mwage yenu. Ombi moja: tuandike namba. Ukimwambia mtu achukue "karatasi ngumu kiasi" akifika dukani anabaki anashangaa.

Chukua kadi 2 za A4 (milimita 297 × 210), uzito gramu 250 kwa mita ya mraba. Ikishuka chini ya gramu 200, kuta zinatepeta ukiweka hata kikombe. Ikizidi gramu 300, mkunjo unapasuka mfuo (mstari unaobonyezwa kuongoza mkunjo) usipokuwa wa kina.

Anza na mfuniko, maana ndio mkubwa na A4 haiongezeki. Mfuniko ni A4 nzima. Kadi ya kitako ipunguze milimita 3 kwa urefu na 3 kwa upana, ibaki 294 × 207. Kadi zote mbili zitie mfuo milimita 40 kutoka kila ukingo. Kitako kitatoka 214 × 127 ndani, mfuniko 217 × 130. Hizo milimita 3 ndizo zinazoachia nafasi ya unene wa kadi na pumzi kidogo. Ukipunguza milimita 1 tu, siku ya mvua hakifunguki. Ukipunguza 6, mfuniko unacheza.

Ukipenda mfuniko mfupi wa sentimita 2, kitako kibaki vile vile, kadi ya mfuniko ikate 257 × 170 na mfuo uwe milimita 20.

Kila kona inabaki na mraba wa 40 × 40. Kata kutoka ukingo mfupi, ukifuata mfuo ulio sambamba na ukingo mrefu, ukome pale mifuo inapokutana. Mraba unabaki umeshikana na ukuta mrefu, huo ndio ulimi wa gundi. Upunguze milimita 2 kwa mshazari juu na chini usichungulie nje, kisha ubandike kwa ndani ya ukuta mfupi.

Kifaa cha mfuo: biki iliyoisha wino na rula ya chuma. Weka kadi juu ya gazeti lililokunjwa mara mbili, pitisha biki mara mbili kwa nguvu ya wastani. Kisha kunja ukiuacha mfuo nje, kile kinundu kilichojitokeza upande wa pili kiingie ndani ya mkunjo. Watu wengi wanakunja kinyume, halafu wanalaumu karatasi.

#2 KaratasiTu

Mfuo peke yake hautoshi, mkuu. Karatasi ina mwelekeo wa nyuzi, na mwelekeo huo ndio unaoamua kama mkunjo utakuwa safi au utachanika kama mkate mkavu. Ipinde kadi bila kuikunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande unaopinda kwa ulaini ndio unaofuata nyuzi. Ukiwa na shaka, kata kipande kidogo, kilowanishe upande mmoja: kitajikunja kiwe bomba, na bomba hilo hulala sambamba na nyuzi.

Boksi lina mikunjo ya pande zote mbili, kwa hiyo kukwepa kabisa haiwezekani. Panga mikunjo mirefu ifuate nyuzi. Ile mifupi inayozikata, ipitie mfuo mara tatu badala ya mbili. Na usichanganye: kitako na mfuniko ziwe na nyuzi za upande mmoja, kwa sababu karatasi ikinywa unyevu inapanuka zaidi kukatiza nyuzi. Kitako kikipanuka kwa urefu na mfuniko kwa upana, zile milimita 3 za Mfuo_Jinja zinaliwa.

Kadi nyingi za A4 nyuzi zake hufuata upande mrefu, lakini si zote. Pima kila rimu mpya.

#3 Nyabo_Keki

Asanteni. Mimi nina harusi Desemba, vipande vya keki ya matunda kwa wageni 200, kila kimoja kwenye boksi dogo. Kipande ni kama sentimita 5 × 5 × 3. Nikate nini, karatasi ngapi? Na mafuta ya keki yanatoka nje ya boksi, nifanyeje?

#4 Mfuo_Jinja

Nyabo, kwa idadi hiyo achana na A4. Kanunue kadi ya milimita 320 × 450, ile wanayotumia wachapaji, gramu 250. Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, imejaa, na hapo hapo wanakukatia kwa mashine.

Kitako: sentimita 6 × 6, kina 4, kwa hiyo kipande ni 14 × 14. Kadi moja inatoa 6. Mfuniko: 6.3 × 6.3, kina 2, kipande ni 10.3 × 10.3. Kadi moja inatoa 12. Kwa hiyo 200 ni kadi 34 za vitako na 17 za mifuniko, jumla 51. Ongeza asilimia 10 ya kuharibika, nunua 56.

Ukipeleka kwenye mashine, waombe wakate kwa rundo dogo. Rundo refu likibanwa, kisu huweza kusukuma karatasi, za chini zikatoka tofauti na za juu. Pima ya kwanza na ya mwisho kabla hujalipa, usione haya.

Mafuta: weka ndani karatasi ya kuokea, iliyokatwa 6 × 14, ikae kama mkanda unaopanda pande mbili. Kamwe usitie keki ya moto au ya uvuguvugu. Mvuke unalainisha kadi, kuta zinafumuka, na ukungu unaanza kabla mgeni hajafika kwake.

#5 KaratasiTu

Naongezea hapo: usitumie gazeti wala kadi iliyochapwa upande wa ndani kugusana na chakula. Wino wa gazeti unahamia kwenye mafuta. Ukiona maua mazuri, yawe nje.

#6 Kona90

Maboksi ya kadi tumeyasikia. Wanaotaka boksi gumu, la saa au mkufu au la kupeleka kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kutambulishana kabla ya ndoa), wasome hapa.

Kadibodi ya kijivu ya milimita 2, ile ya majalada ya vitabu. Mfano wetu ni boksi la sentimita 12 × 12, kina 6.

Kitako: kata mraba wa 24. Chora mstari sentimita 6 kutoka kila ukingo. Miraba ya kona, 6 × 6, iondoe kabisa. Ile mistari minne iliyobaki ikate nusu ya unene kwa kisu cha wembe, kisha kunja kuta ukiuacha mkato nje. Zibe kona kwa utepe wa karatasi, si selotepu ya plastiki, kwa sababu gundi nyeupe haishiki juu ya plastiki na kifuniko cha karatasi kitabanduka hapo kwanza.

Sasa hesabu ambayo watu wanairuka. Ndani ni 12, lakini nje ni 12.4, kwa sababu kuta mbili zimeongeza milimita 2 kila moja. Mfuniko lazima uwe 12.6 kwa ndani ukifunika kwa karatasi nyembamba ya gramu 120, au 12.7 kama ni karatasi nene iliyotengenezwa kwa mkono. Kina cha mfuniko 3, kwa hiyo mraba wake ni 18.6.

Karatasi ya kufunika kitako: 12.4 + 6.2 + 6.2 + 3 za kuingia ndani = 27.8, kata 28. Ya mfuniko: 13 + 3.2 + 3.2 + 3 = 22.4. Karatasi ya 70 × 100 inatoa vitako 6 au mifuniko 12. Maboksi 12 yanakula karatasi 3 kamili. A3 hapa ni hasara, inatoa kitako kimoja na mabaki yasiyotosha mfuniko.

Kubandika: paka gundi nyembamba, weka boksi katikati, pandisha pande mbili zinazotazamana kwanza, na hizo ziwe na masikio ya sentimita 1.5 yanayozunguka kona. Pande mbili za mwisho zipunguze milimita 1 kila upande, ziishie kidogo kabla ya kona. Hapo ndipo boksi la fundi linapojulikana. Ukiacha zifike kona kamili, kila kidole kitakachopita kitazifumua.

#7 Mjomba_Mbale

Kona90, boksi langu gumu likikauka linapinda. Kitako kinakuwa na tumbo.

#8 Kona90

Karatasi iliyolowa gundi imepanuka. Ikikauka inasinyaa na kuivuta kadibodi upande wake. Dawa ni kubandika karatasi nyingine ndani, uzito ule ule, nyuzi upande ule ule, zivutane. Mraba wa 11.8 kwa sakafu ya ndani unatosha. Halafu uzito: weka kibao na tofali juu usiku mzima. Na punguza gundi, Mjomba. Ikionekana nyeupe juu ya karatasi umepaka nyingi, iwe kama ukungu wa kioo.

#9 Mama_Gundi

Tufike kwangu sasa. Gundi nyeupe ya dukani inashika haraka, na kwenye karatasi kubwa kama hiyo ya 28 inakauka kabla hujanyoosha. Changanya nusu kwa nusu na uji wa muhogo, unapata dakika za kutosha kusogeza na kunyoosha.

Uji wenyewe: vijiko 4 vya mezani vya wanga wa muhogo, korogea kwenye maji baridi kidogo mpaka mabonge yaishe, kisha ongeza maji yafike kikombe kimoja cha mililita 250. Moto mdogo, koroga bila kuacha mpaka rangi nyeupe ya maziwa iwe ya kung'aa. Epua, funika ili usitoe ngozi. Ukipoa upitishe kwenye chujio la chai. Bila friji unakaa siku mbili, ya tatu unanuka. Chembe ya shabu inachelewesha ukungu.

Ukipaka uji mtupu, subiri dakika moja au mbili karatasi imalize kupanuka, ndipo uilaze juu ya kadibodi. Ukiilaza papo hapo itapanukia juu ya kadibodi na utapata mapovu yasiyotoka. Gundi nyeupe tupu haihitaji kusubiri hivyo.

Tahadhari: uji ni chakula, mende wanaujua. Maboksi ya kukaa stoo mpaka Idi yabandike kwa gundi ya dukani.

#10 AruaMikono

Na wale wa bunduki ya gundi ya moto? Huku kwetu jua si la mchezo. Boksi likiachwa kwenye gari lililoegeshwa juani mchana, ile gundi inalainika na riboni inateleza. Itumie kwa mapambo ya ndani ya nyumba, usiitumie kwenye kona zinazobeba uzito. Pia inaacha kinundu, mfuniko haukai.

#11 Mama_Gundi

Sawa kabisa. Na ile nyuzinyuzi yake inayobaki kama utando wa buibui kwenye riboni nyeusi, mteja anaiona kabla ya kitu kingine chochote.

#12 KaratasiTu

Kwa vizawadi vya wageni, mimi napendekeza maumbo mawili yasiyohitaji gundi nyingi.

La kwanza ni boksi la kukunja la Kijapani, umbo la kile kipimo chao cha mchele. Karatasi ya mraba, gramu 80 hadi 120, kadi nene haifai hapa. Mraba wa sentimita 21 unatoa boksi la karibu 7.4 × 7.4, kina 3.7. Kanuni: upande wa boksi ni mraba mara 0.354, kina ni nusu yake. Mfuniko mraba wa 21, kitako mraba wa 20.5.

Kunja vilalo viwili, fungua. Leta ncha zote nne katikati. Ukiacha zikiwa zimekunjwa, leta pande mbili zinazotazamana kwenye mstari wa kati, fungua, kisha zile mbili nyingine, fungua. Sasa fungua ncha mbili zinazotazamana ziwe bapa kabisa, simamisha kuta mbili zilizobaki. Ile ncha iliyo wazi inyanyue, bana kona zake mbili ziingie ndani, ipindishe juu ya ukuta ishuke mpaka katikati ya sakafu. Rudia upande wa pili. Likifumuka, tatizo ni kwamba ncha hazikukutana sawasawa katikati. Hakuna gundi itakayolitengeneza, anza upya.

La pili ni la mto, lile lenye ncha za upinde. Kadi ya gramu 200 hadi 250, kipande cha 14.8 × 15.5. A4 inatoa viwili, na ule ukanda wa 5.5 unaobaki ni wa lebo. Kwenye upande wa 15.5 gawa 7, kisha 7, kisha ulimi wa 1.5. Kila ncha ya kila paneli chora pinde mbili zinazotazamana, zikianzia kona iliyo sentimita 1.5 kutoka ukingo: ya nje unaikata, ya ndani unaitia mfuo. Huhitaji bikari, kikombe chenye mdomo wa sentimita 9.5 hadi 10 kinatoa upinde wenyewe. Nyuzi zifuate urefu wa 14.8. Zikikatiza, paneli inavunjika katikati badala ya kubonyea.

Ndani ya mto linaingia fungu dogo la kahawa, karanga au peremende. Kwa Baganda mgeni kupewa kahawa ya kutafuna ni heshima ya zamani, na kwenye kwanjula kizawadi hicho kinazungumza chenyewe. Karanga ziwe zimepoa kabisa. Simsimu ya mviringo ifunge kwanza kwenye karatasi ya kuokea, mafuta yake yanapenya.

#13 Mgomba_Masaka

Wanaotaka sura ya nyumbani, karatasi ya mgomba. Nyuzi za shina zikate sentimita 2, zikiwa ndefu zinajisokota. Chemsha na maji ya majivu mpaka nyuzi ichanike kwa vidole viwili, osha mpaka maji yatoke meupe, twanga kwenye kinu. Changanya na karatasi taka iliyolowekwa, mgomba peke yake unatoka na matundu. Chota kwa fremu yenye wavu wa mbu, geuzia juu ya kitambaa, kamua chini ya kibao, anika kivulini. Jua kali linaikunjakunja.

Ila isikubebee boksi. Ni ngozi ya nje tu juu ya kadibodi, na ndiyo sababu Kona90 amesema 12.7.

Lubugo, kile kitambaa cha gome la mti, nayo ni hivyo hivyo, ukanda wa kuzunguka mfuniko unatosha. Gundi ya maji inapenya na kuacha doa jeusi, tumia selotepu ya pande mbili. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi mwaka 2008, lakini wateja wengi wanakuuliza kama ni ngozi ya mnyama, kwa hiyo tia karatasi ndogo ya maelezo: ni gome la mutuba.

#14 Nyabo_Keki

Na zile krakas, bomba za karatasi za kuvuta pande mbili mezani siku ya Krismasi mpaka zipasuke?

#15 KaratasiTu

Zilianza London miaka ya 1840, kwa mtengeneza peremende Tom Smith. Bomba la kadi la kipenyo cha sentimita 4, vipande vitatu: cha kati 10, vya pembeni 5 na 5, ukiacha nafasi ya 3 na 3. Karatasi laini ya rangi 30 × 16: zile sentimita 4 zinazobaki zinaingia ndani ya ncha, na upana unazunguka bomba na kupishana. Jaza bomba la kati kabla ya kufunga, kisha kaza uzi kwenye zile nafasi mbili. Vipande vya pembeni vivute nje uzi ukishakaa, kazi yake ilikuwa kushikilia umbo tu. Kilipuzi si lazima, watoto wanafurahia peremende hata bila mshindo.

#16 Mjomba_Mbale

Printa ya nyumbani kuchapa maua juu ya kadi, inafaa?

#17 Kona90

Ya wino wa maji inachuja ukigusa kwa gundi au kidole chenye jasho. Ya unga haichuji, lakini unga unapasuka mkunjoni na mstari mweupe unaonekana. Acha milimita 2 bila rangi kila upande wa mfuo, au chagua kadi iliyotiwa rangi mpaka ndani.

#18 Mfuo_Jinja

Kuhusu mvua, kwa sababu kazi nyingi za Desemba zinafanywa Novemba: kata na utie mifuo mapema, hifadhi bapa ndani ya plastiki iliyofungwa, bandika wiki ya mwisho. Maboksi 200 bapa yanaingia kwenye katoni moja. Yakishabandikwa yanajaza chumba. Kadi iliyotoka stoo yenye unyevu ilaze chumbani usiku kucha kabla ya kupima, la sivyo utapima karatasi iliyovimba.

Halafu kuna jambo nimeona linamsumbua kila mtu: mfuniko uliokaa vizuri mno unavutwa na hewa, hautoki. Kata nusu duara ya sentimita 2 katikati ya kuta mbili za mfuniko zinazotazamana. Kidole kinashika kitako, hewa inaingia, umemaliza.

#19 Nyabo_Keki

Nimeandika vyote. La mwisho: riboni ya boksi gumu la Kona90 ni mita ngapi?

#20 Kona90

Msalaba: mara mbili urefu, mara mbili upana, mara nne kimo. Likiwa limefungwa lina 13 × 13 × 6.4, kwa hiyo 26 + 26 + 25.6, karibu sentimita 78. Ongeza 60 za fundo na maua. Sentimita 138 kwa boksi, roli ya yadi 25 inatoa maboksi 16. Ncha zikate mshazari na uzipitishe haraka karibu na moto wa mshumaa kama ni ya nailoni. Ya pamba usiijaribu.